Likizo ya uzazi imeisha, mtoto utamwacha na nani?

Shule ya awali ya serikali haina ada, ila inampokea mtoto akiwa na miaka mitano. Likizo ya uzazi ni siku 84. Miaka minne na ushee iliyobaki hapo katikati ni yako na Mungu wako. Ruzuku ya kumlipia mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo hatuna hapa Tanzania, kwa hiyo usiisubiri. Tafuta vipande vilivyopo uviunge.

Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma, na nina watoto wawili. Kama umeajiriwa, isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri mpe taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, kwa maandishi. Mama wa mapacha ana siku 100. Baba ana siku tatu, yaani anarudi kazini hata kitovu hakijadondoka! Wengi hawajui kwamba mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi. Bosi wangu naye alikuwa hajui. Nilimchapishia kifungu, akaguna, tukaelewana: nikawa natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja.

Wifi yangu anaanika dagaa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na yeye hana bosi wa kumpelekea karatasi. Vituo vinataka ada ya mwezi, lakini dagaa hawana mwezi wa mshahara. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na mfuko unalala nayo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, akakosa kabisa. Basi alikaa na mwenye kituo wakakubaliana alipe kwa siku, na siku za giza, dagaa wakiwa wengi, anatanguliza za mbele. Mwenye kituo naye anataka watoto, kwa hiyo usione haya kuomba.

Kabla hujalipa, uliza kama kituo kimesajiliwa; afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kukuthibitishia. Halafu pita saa sita mchana bila kuaga. Chungulia choo, maji, na idadi ya watoto kwa mlezi mmoja. Picha za katuni ukutani zisikubabaishe.

Mtaa wenu ukiwa hauna kituo, kuna mikopo ya vikundi isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinaandika kuku na sabuni. Kituo cha watoto nacho ni mradi, kina ada inayoingia. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Njia rahisi kuliko zote ndiyo ninayoichukia: kumbakiza dada mtu wa miaka tisa nyumbani, mdogo wake mgongoni, wenzake wakienda shule. Shule ya msingi ya serikali haina ada, kwa hiyo kinachomzuia ni ile mbeleko. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kumbukeni mahudhurio ya shule yanaangaliwa. Kama haimo na hali ni ngumu kweli, nendeni kwa mtendaji wa mtaa mkaulize utambuzi wa kaya za kuingizwa unafanyika lini, na huyo binti arudi darasani Jumatatu hii hii, hata kama mdogo wake atashinda kwa bibi wiki mbili mkitafuta kituo.