Maji ya Kinjeketile na Wino Mwekundu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliye kidato cha nne hapa Dar es Salaam aliniandikia: "Shikamoo kaka, naomba desa la dhamira na ishara za Kinjeketile, mtihani umekaribia." Nilimjibu kwamba sina desa, yaani muhtasari wa kukariri, la tamthiliya hiyo, na hata ningekuwa nalo nisingempa, kwa maana desa ndilo lililoniangusha mimi.

Nilipokuwa na umri wake nilinunua moja kwenye kibanda cha fotokopi Kariakoo, nikalikariri ndani ya daladala za Mbagala mpaka nikawa nalisema bila kutazama. Katika mtihani wa majaribio niliandika kwamba maji, ile dawa ya kujikinga na risasi za Wajerumani anayoileta Kinjeketile, ni ishara ya uongo, nikaishia hapo. Mwalimu akauliza kwa wino mwekundu, "Imetokea wapi katika tamthiliya?", kisha akaisoma insha yangu mbele ya darasa zima, wenzangu wakacheka. Mpaka leo sikubali kwamba nilistahili kudhalilishwa namna ile, ingawa swali lake lilikuwa la haki.

Jumamosi zilizofuata nilikwenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nikaisoma tamthiliya hiyo ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 mara tatu, na kila maji yalipotajwa niliandika daftarini ni nani anayeyataja na anayatakia nini. Mwanzoni maji yanawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakigombana. Baadaye Kinjeketile mwenyewe anashtuka kuona kwamba unabii wake umewaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said, aliyekuwa sultani wa Zanzibar, yaani kutolewa mikononi mwa Mjerumani na kukabidhiwa bwana mwingine. Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, anataka watu wafanye mazoezi kwanza, lakini wao wamekwisha kuyaamini maji kuliko maandalizi. Mwishoni, akiwa mfungwa, Kinjeketile anakataa kuyakana, kwa kuwa akiyakana watoto wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigania nchi yao. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu. Ule "uongo" niliokuwa nimeukariri ulikuwa kipande tu cha safari ndefu ya maji yale.

Katika mtihani wa taifa nilipata A ya Kiswahili, na ninajivunia, kwa sababu kila hoja niliyoiandika ilikuwa na tukio lake na mhusika wake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma kitabu chenyewe. Ukikutana na ishara, ifuate tangu inapoingia hadi inapotoka, uone inapita mikononi mwa nani na inabadilika vipi. Soma kitabu chenyewe, narudia, kwa sababu msahihishaji amekwisha kuisoma hoja ya desa katika mamia ya karatasi kabla ya kufika kwenye yako. Ninyi mnaotaka kufika chuo kikuu mnajidhulumu mnapomlipa mtu awasomee.

Anza leo na onyesho ambalo Kinjeketile anatoka mtoni. Andika nani wapo na kila mmoja anasema nini, kisha nitumie ukurasa huo, nami nitausoma wote.