Ruzuku ya kukarabati nyumba Mji Mkongwe, naweza kumpa kazi shemeji?

Ndugu yangu, hata kama shemeji kweli ni fundi mzuri wa chokaa, usimpe kazi hivihivi. Soma mkataba wa mfadhili, kila mmoja ana masharti yake ila wengi wanataka kotesheni (bei za mafundi) tatu za maandishi, na shemeji akiomba we sema wazi ni ndugu yako afu utoke kwenye kamati ya kuchagua fundi. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwepo kabla hujatangaza kazi. BOQ (orodha ya kazi na vifaa vyenye vipimo) iseme kabisa ukuta wa mawe upigwe plasta ya chokaa na mchanga sio saruji, maana saruji inafungia unyevu ndani plasta inabanduka, la sivyo fundi wa bei ya chini atakuletea mifuko ya simenti na huna pa kumkamata. Ukimkataa huyo wa bei ya chini, sababu iandikwe kwenye muhtasari wa kikao siku hiyohiyo, mkaguzi ataiuliza tu.