Maswali ya Wasomaji: Kulala Hemani Karibu na Nairobi

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na wenzangu watano tunafanya kazi Nairobi, na asubuhi ambazo hakuna mawingu huiona Milima ya Ngong vizuri kabisa, ingawa hatujawahi kuikanyaga. Tumeazimia kutembea milimani na kulala kwenye hema usiku mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala nje. Tuanzie wapi?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu yetu, ushauri wangu ni kwamba muifanye Ngong kuwa safari ya mchana tu, na usiku wa hema muuhamishie Mlima Longonot, wiki mbili au tatu baadaye, miguu ikishazoea. Matatu za namba 111 zitawafikisha mjini Ngong, na bodaboda zitawapandisha hadi langoni, karibu na mitambo ya upepo inayozalisha umeme. Kutoka hapo njia hupanda na kushuka kilele baada ya kilele, kikiwemo Lamwia chenye mita 2,460, hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Mlipeni askari wa msitu awasindikize, kwa kuwa sehemu za mbali hazina watu na wapitaji wamewahi kuporwa huko.

Longonot iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi ukipitia Mai Mahiu. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano lililo juu ya mlima, ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo wote, pamoja na kilele cha mita 2,776, ni kilomita 7.2, hivyo kwenda na kurudi mtatembea zaidi ya kilomita 13, na njiani hakuna maji wala kivuli cha maana. Hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapokosea. Huondoka Nairobi saa mbili asubuhi, wakafika saa tano, wakaanza kupanda jua likiwa utosini, na maji yao yakaisha hata kabla hawajafika kileleni. Kwa hiyo laleni kwanza, mpande baadaye: fikeni alasiri, msimamishe hema kukiwa bado na mwanga, kisha muanze safari mara lango linapofunguliwa alfajiri, kila mmoja akiwa na lita tatu za maji. Udongo wa mlima huo ni majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi huwa vumbi jepesi linaloteleza chini ya kiatu kana kwamba umekanyaga mtama uliomwagika sakafuni, kwa hiyo kuteremka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda.

Kuhusu usiku wenyewe, nitasisitiza jambo ambalo wageni wa hema hawalitarajii, kwamba baridi inayomtesa mtu hutoka ardhini. Usiku wangu wa kwanza nilijifunika mablanketi mawili mazito, lakini chini sikutandika chochote isipokuwa turubai. Saa nane nikaamka ubavu mmoja umekufa ganzi. Kulipopambazuka, matone ya maji yalikuwa yananing'inia kwenye kitambaa juu ya uso wangu, kwa sababu tulikuwa tumefunga kila zipu na pumzi zetu zikakosa pa kutokea. Basi tandikeni godoro jembamba la sponji, hata mkilazimika kupunguza blanketi moja, na muache tundu la hewa wazi. Chakula kiwe chepesi kuandaa: githeri iliyochemshwa nyumbani inayohitaji kupashwa moto tu kwenye jiko dogo la gesi, na viazi vitamu vya kubeba mlimani. Hifadhi ile ina nyati, kwa hiyo anayetoka usiku kwenda haja aamshe mwenzake na awashe tochi. Malipo ya kiingilio na ya kupiga kambi hufanywa kwa njia ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Yakamilisheni kabla ya kuondoka nyumbani.

SWALI: Tumepanga kulala katika hifadhi ya Hell's Gate mwezi wa Aprili na kuteremka kwenye korongo lake pamoja na watoto. Je, mvua itatuzuia?
Mama wa watoto wawili, Nakuru

JIBU: Dada yangu, kulala huko mnaweza, lakini msiwateremshe watoto korongoni katika msimu wa masika. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, watalii walisombwa na mafuriko ya ghafla na kufariki humo. Mvua huweza kunyesha mbali, kwenye miinuko msiyoiona, ilhali juu yenu jua linawaka, na maji yakishaingia kati ya kuta zile nyembamba hayampi mtu nafasi ya kukimbia, sembuse aliyeshika mtoto mkono. Uzuri ni kwamba Hell's Gate huruhusu wageni kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na uwandani watoto watapita karibu na pundamilia na twiga. Korongo, kama liko wazi kwa wageni, litembeleeni mwezi wa Januari au Februari, mkiwa na kiongozi wa hapo, na hata wakati huo, akisema mgeuke, geukeni papo hapo.