Kabla hujalipia baiskeli ya kwendea kazini, soma kwanza namba za tairi

Kila mara kuna mtu ananitumia picha ya baiskeli aliyoiona mahali, mtumba mzuri, rangi inang'aa, gia kibao, anauliza "kaka hii vipi, nichukue?" na jibu langu la kwanza huwa ni lile lile, piga picha ubavuni mwa tairi unitumie. Wengine wanaona kama nawachelewesha maana muuzaji kasimama pembeni anawahimiza, lakini kwa baiskeli ya kwenda nayo kazini kila siku hapa Dar hiyo namba ndo inaamua kama utaendesha miaka au miezi mitatu halafu ikaegeshwe nyuma ya nyumba ikisubiri tairi ambalo halipo Kariakoo nzima.

Ngoja nieleze vizuri kwa sababu wauzaji wengi hawaelezi. Ubavuni mwa tairi kuna namba mbili zimetenganishwa na kistari, mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, na hii ya pili ndo ya kushika. Sasa shida ni kwamba watu wanaongea kwa inchi, na inchi zinadanganya. Zile baiskeli za Kijapani zenye kapu mbele na fremu iliyoshuka katikati, ambazo zimejaa kwenye mitumba, nyingi zimeandikwa 26 x 1 3/8, na mtu anasema aa ni inchi 26 hiyo, tairi zake zipo kila kona. Hapana. Hiyo ni 590. Inchi 26 ya mountain, zile baiskeli za milimani zenye tairi pana, ile imeandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, ni 559. Zimepishana milimita 31, hata ulazimishe vipi haliingii. Inchi 28 nayo ni hivyo hivyo, Phoenix na zile za Kihindi zinatumia 28 x 1½ ambayo ni 635, lakini baiskeli ya Ulaya iliyoandikwa 28 mara nyingi ni 622, ile ile 700C ya baiskeli za mbio na ile ile ya zinazoitwa inchi 29. Majina tofauti, rimu moja.

Kwa hiyo mi nawaambia watu hivi, 559 na 635 ndo za kwetu. 635 inauzwa mpaka vijijini kwa sababu ya Phoenix, nenda Shinyanga, nenda Tabora, utapata tairi dukani pamoja na sukari na chumvi. 559 fundi yeyote wa mtaani anayo au anajua pa kuipata leo leo. 622 ipo ila uitafute, na zile nyembamba za mbio zinachagua barabara. 590 siyo kwamba usinunue, dada mmoja nafanya naye kazi anatumia ya Kijapani na ameipenda sana kwa sababu anapanda na gauni lake, cheni imefunikwa, kapu linabeba mkoba, na kwa kweli kwa mtu anayevaa sketi ofisini sioni baiskeli bora kuliko hiyo. Ila siku ile ile aliyonunua nilimwambia amuombe muuzaji matairi mawili mengine na tyubu zake kutoka kwenye zile baiskeli mbovu zilizokuja na kontena hilo hilo, akayaweka ndani. Hayo ndo yamemvusha mpaka leo.

Ukiwa bado umesimama kwa muuzaji, beba kasumaku kadogo. Gusisha kwenye fremu, kakinata ni chuma, kasiponata ni aluminiamu. Chuma ikipasuka fundi wa kuchomelea mtaani kwako anaiunga na unaendelea na safari, aluminiamu inataka mtu mwenye mashine ya gesi ya agoni na ujuzi wake, na hata ikiungwa pale pameshapoteza nguvu. Halafu inama uangalie chini ya bomba la mbele, pale nyuma ya uma, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, karibu na usukani, kama rangi imekunjamana au ina mistari ya kupasuka hiyo iligonga kitu huko ilikotoka, iache hata kama inauzwa bei ya kutupa. Legeza kiti ukipandishe na kukishusha. Kikigoma kabisa ujue bomba la kiti limeshikana na fremu kwa kutu, na utaendesha kwa urefu wa Mjapani fulani maisha yako yote. Mwisho inua gurudumu moja moja, lizungushe, litikise kushoto kulia, likicheza au likikwaruza ndani ni gololi na grisi, hilo ni jambo dogo na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Na breki jamani. Za Japani mkono wa kulia unakamata gurudumu la mbele, za Ulaya bara nyingi ni mkono wa kushoto, na za Uholanzi kuna zinazofunga breki kwa kurudisha pedeli nyuma. Mtu katoka kwenye moja kahamia nyingine, anateremka kilima, bodaboda anakatiza, anabana mkono aliozoea kuwa ni wa nyuma kumbe ni wa mbele, anaruka juu ya usukani. Kabla hujatoka nayo dukani bana moja moja ukiwa unaikokota ujue ipi ni ipi, na kama hujaipenda fundi anabadilisha waya kwa dakika chache tu.

Sasa mi naendesha nini, maana hilo naulizwa sana. Yangu niliijenga. Nilianza na fremu ya mountain ya chuma ya zamani, inchi 26, isiyo na shokapu mbele, na hilo la shokapu nililichagua kwa makusudi kwa sababu shokapu za baiskeli za bei ya kawaida ni nzito, zinakula nguvu ya mguu kila ukikanyaga, na zikishapitisha maji ya masika ndani zinashika kutu na kubaki bomba zito tu lisilofanya kazi. Uma wa kawaida na tairi pana kidogo lenye upepo wa kiasi unatosha kabisa kwa barabara zetu. Tairi nimeweka la mgongo laini, siyo lile la meno makubwa, maana meno kwenye lami yanakupigia kelele na kukuchosha bure. Mbele nimebakisha sahani moja ya cheni, nyuma gia saba, kwa hiyo waya mmoja tu wa gia, kitu kimoja tu cha kuseti, na mteremko na mlima wote wa Morogoro Road naumudu. Gurudumu la nyuma fundi wangu alilisuka upya kwa spoki 36 kwa sababu nabeba mzigo, alikaa nalo jioni nzima anakaza moja analegeza nyingine anazungusha anasikiliza, na nakwambia kazi ya yule mzee ndo kitu ninachojivunia kuliko vyote kwenye hiyo baiskeli, tangu alisuke halijayumba. Madigadi za chuma mbele na nyuma, keria, stendi, kengele kubwa ile ya Phoenix yenye sauti ya kweli. Siyo baiskeli ya kupigia picha sana labda, ila kila kipande chake nikikiharibu saa moja asubuhi saa mbili nimepata kingine.

Tyubu nazo kuna mdomo wa aina tatu, ule mnene kama wa gari, ule mwembamba wa kufungua kwa vidole kichwani, na ule wa kizamani wenye kampira ndani. Ukipata nafasi ya kuchagua weka wa gari, kwa sababu sheli yoyote na fundi bodaboda yeyote mwenye mashine ya upepo anakujazia. Ila mwambie aweke taratibu, tyubu ya baiskeli ni ndogo, mtu aliyezoea matairi ya gari anaipasua kabla hujasema basi.

Haya, njia yenyewe. Naishi Kimara, nafanya kazi mjini, ni kama kilomita kumi na tano hivi, asubuhi mteremko mpaka Ubungo unakupeleka wenyewe na jioni unaulipa wote kwa miguu. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 kuna njia ya baiskeli pembeni ya Morogoro Road, na watu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, wamekuwa wakidai njia kama hizo zijengwe na zilindwe. Mi naipenda hiyo njia na naitetea kila nikipata nafasi, lakini ndugu yangu usiingie ukidhani ni yako peke yako. Kuna mama anauza chapati, kuna bodaboda anakuja uso kwa uso na haoni shida yoyote, kuna kijana kapanga viatu, kuna gari limeegeshwa nusu. Kwa hiyo mwendo ni wa wastani, kengele mapema siyo mtu akiwa mbele ya tairi, na salamu. Nasema kweli, "shikamoo mama, samahani napita" inafungua njia haraka kuliko kengele, na baada ya muda wanakujua, wanakusogezea meza kabla hujafika. Ile barabara ya katikati ya mabasi usiiguse hata iwe tupu kiasi gani, basi lile linakuja kimya na kwa kasi na dereva hategemei kukuta mtu humo.

Kwenye barabara isiyo na njia ya baiskeli, usibane ukingoni kabisa ambako ndo kuna mchanga na mifuniko ya mitaro iliyokwapuliwa, kaa hatua moja ndani ili gari linalokupita lilazimike kukuona na kukuzunguka. Daladala likiwa mbele yako hesabu kwamba litasimama popote, na likishasimama usipite kushoto kwake, mlango upo huko na abiria wanashuka wakiruka. Ubungo na makutano mengine makubwa, kama nakata kulia nashuka nakokota kwenye kivuko cha miguu, dakika mbili zaidi, sijali. Taa nyekundu nyuma nawasha hata asubuhi, maana saa kumi na mbili kasoro bado kuna giza la kutosha kumeza mtu. Jangwani mvua kubwa ikinyesha sipiti, maji ya mto Msimbazi yakipanda juu ya barabara huoni shimo wala ukingo, siku hizo naacha baiskeli nyumbani na sioni kama nimeshindwa chochote.

Jasho ndo swali la pili baada ya bei. Jibu ni keria, usibebe begi mgongoni, mgongo ukipata hewa nusu ya jasho imeisha. Shati la kazi linakunjwa linaenda kwenye begi la keria, kule ofisini taulo dogo na maji bombani, dakika kumi za kupoa kabla ya kuvaa maana ukivaa papo hapo unalowa upya. Ondoka mapema, jua la Januari na Februari likishapanda hakuna mbinu. Na kama magoti yanauma, nina hakika karibu kabisa kwamba kiti kiko chini sana, hapa mjini watu wengi wanaendesha magoti yakigonga usukani. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, hapo ndo urefu wako, halafu unakanyagia sehemu ya mbele ya mguu. Siku za kwanza utaona uko juu sana, vumilia wiki.

Kufunga, pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu pamoja na kitu kilichojengewa, na zile fito za kufungulia gurudumu kwa mkono zitoe uweke nati za spana. Kazini kaongee na mlinzi kabla ya siku ya kwanza, umsalimie, umwonyeshe, muelewane pa kuiweka, siyo unaileta tu unategemea itatunzwa.

Mvua ikiisha ndo kazi ya cheni inaanza. Mafundi wengi wanapaka oili chafu ya gari, inateleza siku moja halafu inakamata mchanga wote wa Kimara na kuwa msasa. Futa cheni kwa kitambaa kikavu kwanza, weka oili safi tone moja kila kiungo, zungusha, halafu futa tena mpaka nje pabaki pakavu, ya kazi imeshaingia ndani. Na kila baada ya miezi michache chukua rula ya shule, pini za cheni zimepangwa kila nusu inchi, kwa hiyo weka sifuri katikati ya pini moja, inchi 12 inatakiwa iangukie katikati ya pini nyingine kabisa. Ikizidi kama milimita moja na nusu cheni imevutika, ibadilishe wiki hiyo hiyo, ukiacha itatafuna meno ya gia za nyuma na hapo utanunua vyote viwili.