Kama msuli unavuta tu, mlango tunausukuma vipi?

Mkuu, umeuliza: kama msuli hauwezi kusukuma, mbona mlango tunausukuma kila siku? Mwanafunzi wangu aliniuliza hilo hilo mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha baiolojia, nikababaika. Kesho yake niliingia darasani na mguu wa kuku, umekatwa pale manyoya yanapoishia.

Kwenye mkato utaona kano, vile vikamba vyeupe vinavyong'aa, vinavyounganisha msuli na mfupa. Bana cha nyuma kwa koleo uvute: vidole vinajikunja kama vinakamata kitu. Sasa vuta cha mbele, vinafunguka. Darasa lilipiga kelele, mmoja akatoka nje kabisa.

Mkono wako ni vivyo hivyo. Msuli wa mbele, kati ya bega na kiwiko, ukijikaza mkono unakunjika. Wa nyuma umejishikiza kwenye ncha ya kiwiko. Ukiivuta ncha hiyo, mkono unanyooka, na mlango ulio mbele yake unasogea. Kusukuma kwako ni kuvuta kwa upande wa pili.

Ndani ya msuli kuna nyuzi za protini, nyembamba za aktini na nene za miosini, zimepangwa zikipishana. Neva ikileta amri, kalsiamu inamwagika ndani ya seli na kufunua sehemu za kushikia kwenye aktini. Vichwa vidogo vya miosini vinashika, vinapinda, vinavuta kama nanomita 10 hivi, vinaachia, vinashika mbele zaidi. Nyuzi zenyewe hazifupiki, zinateleza tu na kuingiliana. Hilo lilielezwa mwaka 1954 na watu wa pande mbili: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, halafu Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao akina Huxley wawili si ndugu, msichanganyikiwe.)

Wengi wanapokosea ni kwenye nishati. Wanadhani ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inatumika kwa kuvuta tu. Kumbe kichwa cha miosini kikishashika, hakiachii mpaka ATP mpya ikifikie. Mwaka uliofuata nilitaka kujionyesha, nikaleta mguu mzima pamoja na paja, wa kuku aliyechinjwa masaa mawili kabla ya kipindi. Nikajaribu kuukunja, ukagoma. Ulikuwa mkavu kama kijiti: ATP imeisha, vichwa vyote vimeng'ang'ania. Niliaibika kidogo, ila kipindi kikawa kizuri kuliko nilivyopanga.

Halafu kuna wasiofuata mpango huu wa misuli miwili miwili. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini kwenye viungo viwili vikubwa vya kila mguu hana ya kunyoosha. Ananyoosha kwa kusukumia majimaji ya mwili mguuni. Akifa, presha inashuka, ndiyo maana unamkuta kalala chali, miguu yote kaikunjia kifuani.