Katalogi ya fanicha: bei ziwekwe au ziachwe, na kwa nini rangi hugeuka?

Swali: Nina karakana ya fanicha Keko, Dar es Salaam. Tunatengeneza vitanda, makabati na meza za chakula. Nilichapisha katalogi ya kurasa 24 yenye picha na majina tu. Wateja wanaisifu, kisha wanapiga simu kuuliza yale yale: bei, vipimo, aina ya mbao. Halafu mninga umetoka mweusi, wakati kwenye simu picha zilikuwa nzuri. Nataka kuchapisha upya. Nipangeje, na bei niweke au niache?

Jibu: Ndugu, kabla hujarudi kwa mchapaji, kaa na anayepokea simu za karakana muandike kila swali ambalo wateja huuliza. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotakiwa kukaa chini ya kila picha. Kwa fanicha, kipimo ndicho kinachotangulia. Kitanda kiandike kama watu wanavyokitaja, 5 kwa 6 au 6 kwa 6, kwa sababu mteja anafikiria godoro lake. Kabati liandike kwa sentimita: upana, kina na kimo. Useme pia kama linafunguka vipande au linasafirishwa zima, maana kuna ngazi na milango ambayo kabati la milango minne halipiti. Taja mbao kwa jina: mninga, mkongo, mtiki, au MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa). Kama fremu ni mninga na mgongo ni plaiwudi, sema hivyo hivyo. Mteja akigundua mwenyewe nyumbani, umempoteza yeye na jirani zake.

Kila bidhaa ipe namba yake, mfano KTD-03 kwa kitanda, KBT-07 kwa kabati. Namba ya bidhaa uliyoacha kutengeneza usiipe bidhaa nyingine kamwe. Katalogi ya zamani hukaa kwenye droo za watu kwa miaka, na siku moja mtu ataagiza kwa namba ile.

Kuhusu bei, naomba uziweke, ila usizichape kwenye kurasa zenyewe. Mteja asiyeona bei huhisi ni kubwa, au huhisi utampangia kwa kumtazama. Lakini bei ya mbao hupanda, na katalogi yenye bei iliyopitwa na wakati inaleta ugomvi dukani. Chapa karatasi moja ya bei, ipange kwa namba za bidhaa, andika tarehe ambayo bei hizo zinaishia, kisha ichomeke ndani. Bei ikibadilika unachapa karatasi hiyo tu. Eleza humo kama usafiri umo, kama VAT imo, malipo ya awali ni kiasi gani na kazi huchukua siku ngapi.

Sasa rangi. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, kwa nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga. Inategemea wino wa rangi nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, na rangi nyingine za kwenye kioo wino huo hauzifikii. Picha ya mbao ya kahawia iliyokolea, ukiiangalia kwenye simu iliyoongezwa mwanga hadi mwisho, lazima ikushtue ikichapwa. Karatasi isiyong'arishwa nayo hunywa wino na kufifisha zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusu kazi yote, dai nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, uiweke kando ya mbao yenyewe mchana.

Ila tatizo mara nyingi huanza kwenye kupiga picha. Usichanganye mwanga wa dirisha na wa balbu ya njano. Toa kitanda kivulini asubuhi, weka karatasi nyeupe pembeni kwenye picha ya kwanza, na anayehariri aitumie kurekebisha rangi za picha zote za hapo. Picha itakayojaza ukurasa wa A5 inahitaji takriban pikseli 1,750 kwa 2,480 ili ifikie dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupungua ubora. Itume kama dokyumenti.

Kurasa zikibanwa pini katikati, idadi yake igawanyike kwa 4. Kwako kurasa 16 zingetosha: bidhaa mbili kwa ukurasa, zikipangwa kwa chumba, na zinazouzika zaidi zitangulie. Picha zinazofika ukingoni zizidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata.

Toleo la simu litengeneze peke yake. Ukurasa uliopangwa kwa karatasi mteja atalazimika kuuvuta kwa vidole ndipo asome. Pandisha bidhaa hizo hizo kwenye katalogi ya WhatsApp Business, kwa namba zile zile. Humo bei unabadilisha wakati wowote bila gharama.

Mwanzoni chapa nakala chache kwa mashine ya dijitali, ingawa kila nakala itakuwa ghali kidogo. Ofseti, yaani uchapaji wa mashine kubwa, ina gharama ya kutengeneza sahani za kuchapia kurasa, hivyo hulipa kwa mamia ya nakala, na hapo ufike baada ya wateja kadhaa kuagiza kwa kutaja namba bila kukuuliza kipimo.