Globu ya buku iliyoniunguzia gasketi

Wiki iliyopita dogo mmoja kanitumia meseji, "Braza, taa za geji kwenye Toyota Celica yangu zimekufa upande mmoja, fundi anasema ninunue deshibodi nzima, eti kweli?" Nikacheka halafu roho ikaniuma, maana hayo hayo niliambiwa mimi mwaka juzi na nusura niyaamini kama mtoto.

Mimi natembelea Eunos Roadster ya 1992, hii ambayo nchi nyingine wanaiita Mazda MX-5, injini 1.6, ile yenye taa za mbele zinazoinuka. Wenye nazo mnanielewa, siyo gari ya kubebea gunia la mchele, ni mapenzi tu. Sasa globu ya upande wa temparecha ilikufa kimya kimya, spidi naiona, mafuta nayaona, ile kona moja giza. Nikasema aah, si globu tu, wikiendi nabadilisha. Hiyo wikiendi ilichukua miezi minne.

Usiku mmoja natoka Morogoro kurudi Dar, nimepita Chalinze, paa nimelishusha, muziki unalia, najiona mtu. Kufika karibu na Mlandizi napata harufu tamutamu kama kuna mtu anachemsha sharubati, nikadhani ni lori la mbele. Nikaja kuwasha tochi ya simu nikamulika deshibodi, mshale wa temparecha umeshagota juu kwenye H na sijui umekaa pale tangu saa ngapi. Hozi ya maji ilikuwa imepasuka. Gasketi ya hedi imeungua, hedi yenyewe (kile kifuniko cha juu cha injini) imepinda, laki sita na ushee zimeondoka, na breakdown ya kuvuta gari juu yake. Globu yenyewe dukani buku.

Injini ilipopona nikampelekea fundi umeme mmoja (simtaji, anajijua) anitengenezee na taa. Kwanza akaniambia deshibodi imekufa yote, laki na nusu. Nilipokataa akaivuta geji kwa hasira bila kuchomoa kebo ya spidomita, klipu ikakatika, halafu akapachika globu za wati 5 za taa za parkingi eti zote zinaingia. Ni kweli zinaingia, kitako ni kile kile cha T10. Lakini pale inatakiwa ya wati 3.4, na nilipoifungua Jumamosi iliyopita kwa mkono wangu nilikuta plastiki ya nyuma imebabuka duara la kahawia kama chapati iliyosahaulika jikoni. Bado kidogo tu.

Ndiyo, nimefanya mwenyewe, masaa matatu na chai juu, na sijasomea umeme popote!

Kabla hujashika bisibisi, washa taa ndogo uzunguke nyuma ya gari. Kama geji zote ni giza na taa nyekundu za nyuma nazo haziwaki, hiyo ni fyuzi, kwa kawaida zinakula laini moja. Kama nyuma zinawaka ila geji zote giza, cheza kwanza na kile kitufe cha kupunguza mwanga, kuna watu wamelipa mafundi kwa sababu mtoto alikizungusha. Ikiwa ni kona moja tu, globu, usibishane na mtu.

Halafu chomoa negativu ya betri, hasa kama stelingi ina airbag. Nikalegeza stelingi ikashuka, nikafungua skrubu za kava, nikapitisha mkono nyuma kutafuta kebo ya spidomita, unabonyeza kile kiulimi chake ndiyo unavuta, ukitumia nguvu unakuwa kama yule fundi wangu. Ukigeuza geji utaona karatasi ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba, hiyo ndiyo waya zenyewe, ikichanika umejitafutia kesi. Soketi za globu unazungusha robo mzunguko kinyume na saa zinatoka. Shaba yangu ilikuwa imefifia pale soketi inapogusa, nikaisugua kwa ufutio wa penseli wa mwanangu, taratibu. Na ukishafungua badilisha zote, hata zinazowaka, zimezeeka pamoja hizo.

Wanaotaka LED wekeni, zina ubaridi, isipowaka igeuze kwani ina chanya na hasi. Ila ile taa ya betri iachie globu yake ya zamani, magari mengi ya umri huu alteneta (ile inayochaji betri) inaamshwa na umeme unaopitia kwenye hiyo globu, ukiweka LED unaweza kukuta haichaji.

Jamani tuambiane ukweli, mtu ana rimu za milioni na ekzozi inaamsha mtaa mzima lakini usiku anaendesha kwa kubahatisha, haoni presha ya oili wala maji. Gari la miaka thelathini linaongea na wewe kupitia hizo geji, sasa umelizima mdomo. Jioni moja tu, wakuu. Na ukiweka swichi on kabla ya kuwasha injini, hesabu taa za onyo kama za oili, betri na injini, ziwake zote, isiyowaka huenda globu yake imekufa au kuna mtu kaitoa makusudi kabla hajakuuzia.

Yangu sasa inawaka kijani safi, ila mshale wa spidi bado unacheza nikifika 40, ile klipu sijaipata mpaka leo.

Dogo naye kafungua Celica yake juzi, kanitumia picha. Geji zote zinang'aa, na katikati kuna taa ya njano ya injini ambayo hajawahi kuiona toka anunue gari. Soketi yake ilikuwa tupu, anasema, na yeye akaweka globu. Sasa ananiuliza gari inaumwa nini.